Kiegama

Paa la zizi letu lilishuka Februari, usiku,
kwa mlio mmoja, kama gogo linalokohoa.
Ng'ombe wawili walitoka wazima.
Wa tatu hatumtaji.
Huku Svaneti theluji haiangukii nyumba:
huikalia.

Baba angelijenga upya kwa jicho,
kama alivyojenga la kwanza, sigara mdomoni,
futi kamba mfukoni kwa ajili ya kuwatuliza wateja.
Lakini nyonga ya Baba sasa ina chuma.
Ngazi ya mita tano, ukuta, na rundo la kuni
ambalo Jansug fundi hakutaka kulihamisha.
Akausogeza mguu wa ngazi ndani,
kutoka mita moja nukta nne
hadi nusu mita.
Nilipiga hesabu baadaye, hospitalini,
nyuma ya karatasi ya dawa:
alikuwa amejiongezea kimo cha sentimita kumi na saba.
Hata shibiri haijafika.

Basi msumeno ninao mimi, Tsiala.
Ukuta hadi ukuta, mita tano. Nusu yake, mbili na nusu.
Kimo cha mgongo wa paa, moja nukta saba.
Haya nimeyapima, nimeyagusa.
Kombamoyo lenyewe halipo bado.
Liko hewani, kati ya ukuta na mgongo,
na futi kamba haina pa kung'ata hewani.

Mwalimu Nargiza alikuwa na chaki fupi na kikohozi kirefu.
Alisema: mmoja amesimama, mmoja amelala,
wakikutana kwa pembe mraba
wanamjua wa tatu, yule anayeegama.
Msimkisie. Waulizeni wenzake.
Kila mmoja mpimieni kiwanja cha mraba ubavuni mwake,
viwanja viwili vidogo vitajaza kile kikubwa,
pasibaki hata pa kupanda kitunguu.
Tulicheka. Tulikuwa na miaka kumi na minne
na viwanja vyetu vyote vilikuwa mawe.

Nikaandika kwa mkaa juu ya mlango wa zizi:
sita na robo,
jumlisha mbili nukta nane tisa,
tisa nukta moja nne.
Sasa kipeuo chake.
Tatu mara tatu ni tisa, imepelea.
Tatu nukta moja, imepita, rudi nyuma.
Tatu nukta sifuri mbili,
na kinachobaki ni unga wa msumeno.

Nikachagua msonobari ulionyooka. Nikakata.
Nikaupandisha, ukakaa
mgongoni na ukutani, sawasawa,
kama ulimi kinywani.
Nilitaka kuimba.

Chini, kwenye kiti chake, Baba akatema kokwa ya plamu.
"Na upenu?"
"Upenu gani?"
"Maji ya theluji yatapita wapi, binti? Ukutani?"

Upenu. Sentimita arubaini za kutokeza nje,
ambazo hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikumuuliza yeyote.
Hesabu hujibu ulichouliza.
Ulichohitaji ni juu yako.

Kumi na moja yaliyofuata niliyakata tatu nukta nne mbili.
La kwanza limekuwa benchi, limeegemea ukuta wa kusini,
na namba yangu ya mkaa bado iko ubavuni.
Baba hulikalia asubuhi, akinyoosha mguu wake mbovu,
hufundisha wapita njia namna ya kujenga kwa jicho.

Jana nilitafuta misumari kwenye mfuko wake wa kazi.
Chini kabisa palikuwa na kamba ya katani, nyeusi kwa jasho,
ina mafundo ya zamani mno hata hayafunguki.
Nikaipima kwa viganja.
Tatu. Nne. Tano.

Nikamwonyesha bila neno.
Akaitazama, akatazama mlima.
"Hiyo?" akasema.
"Hiyo ni ya kufungia mbwa."