Mwendo Haufunikwi

Harusini Limbani tulikuwa wanawake arobaini,
buibui zile zile, macho tu nje,
na bado mwanao Faki, miaka mitatu,
alinyoosha kidole: "Mama yule!"
Kisigino chako cha kushoto, Kaije,
huchelewa kutua.

Nakukumbusha kwa sababu ya mizani.
Uliandika kwamba jiwe la kupimia karafuu
limetiwa risasi tumboni.
Hukutia jina. Barua ulipitisha
mashine tatu za ugenini, kila moja
ikavua bahasha moja, ikaona ya pili, ikaisukuma mbele;
hakuna iliyokujua wewe na mwandikiwa kwa pamoja.
Ukalala fofofo.

Lakini umeme wa Wete ulikatika alasiri,
ukarudi saa tatu na dakika saba,
na saa tatu na dakika kumi
sauti isiyo na jina ikaendelea ilipoachia.
Makame hakufungua bahasha hata moja.
Alikaa mlango wa kuingilia,
wa kutokea akamweka mpwawe,
usiku wakalinganisha madaftari.
Hakusoma neno. Alisoma saa.

Neno alilisoma mkewe:
"Nkaona, nkanyamaa."
Nani pale kituoni husema hivyo
ila wewe wa Micheweni?

Basi usiwahi tena umeme ukirudi.
Barua ilale. Ingoje wenziwe ishirini,
zivurugwe kama karafuu juu ya jamvi,
zitoke pamoja, zote kimo kimoja,
fupi ijazwe makapi ifike urefu wa ndefu.
Na siku huna la kusema, tuma hivyo hivyo, tupu.
Inachosha, najua. Inachelewesha. Haki yako itafika imepoa.

Mimi nitapitisha humo mapishi ya pweza,
Zuwena ugomvi wake na mawifi,
si kwamba tuna siri:
nikabu ikivaliwa na mmoja
ni bendera.

Ila usituamini sote.
Juzi nilihesabu viatu mlangoni:
wanawake arobaini,
na jozi sita za kiume.

Ijumaa kuna harusi nyingine, Jadida.
Njoo na kandambili zangu, zitakubana kidogo.
Nimeshawaambia ninaowajua kwa sauti, si kwa vazi:
tukishatoka nje, kila mmoja
akicheleweshe kisigino cha kushoto.
Faki mwachie bibi yake.