Hesabu ya Irmeli

Miaka ishirini na mitatu
sauti ya Irmeli Haukkamaa niliijua kwa maneno manne:
moja, mbili, tatu, nne,
kisha vijiti, kisha tango,
kisha wenye viatu vya kung'aa wakizunguka
kwenye kumbi za mbao kando ya maziwa,
na mbu nao wakicheza, bila kiingilio.

Mimi nilishika besi. Besi na ngoma ni mke na mume
wasiolala chumba kimoja.
Niliijua pumzi yake. Nililijua bega la kushoto
linavyopanda kabla hajalipiga toazi.
Nilijua siku aliyogombana na benki,
siku aliyoumwa jino, siku aliyopata viatu vipya.
Kwamba anaimba, sikujua.

Mbele alisimama Urho na suti yake ya zambarau.
Barua zilikuja kwa Urho.
Nyuma, katika kila picha ya bendi,
Irmeli ni kiwiko na nusu ya shavu
kati ya toazi na moshi.

Leo Jumanne, Novemba, Tampere.
Theluji imekanyagwa hata ikawa uji wa kijivu.
Baa iko chini ya dohani ya kiwanda cha zamani cha kitani,
watu kumi na tisa (nimewahesabu, mazoea),
na mmoja wao ni fundi wa mitambo.
Ameingia na gitaa la kuazima.
Ameketi. Mguu wake wa kulia unatafuta pedali isiyokuwepo,
unakanyaga hewa mara mbili,
unaona haya, unatulia.

Hakuhesabu.
Hapo ndipo nilipopotea.
Alianza tu, kama mtu anayepekua kabati
huku akizungumza na aliye chumba cha pili,
na sisi sote tukachelewa.

Sauti yenyewe si nzuri, sitamdanganya mtu.
Ina kutu pembeni. Noti ya juu anaifikia
kama mtu anayepanda ngazi na mfuko wa viazi.
Lakini anafika, na viazi vyote vimo.

Anaimba habari za mama yake, mfumaji,
aliyeyaacha masikio yake humu humu,
ghorofa ya tatu, kati ya mashine mia mbili.
Jioni alivua soksi akasimama kwenye sakafu ya mbao,
na mtoto akapiga sufuria, akapiga ndoo,
baadaye ngoma, kwa nguvu,
kwa nguvu zaidi,
mpaka mama akatabasamu kuanzia nyayo.

Kumbe.
Na Urho miaka yote akigeuka na kiganja chake:
teremsha, teremsha.
Na mimi nikidhani ni hasira.

Mama alizikwa Machi.
Hakuna tena anayesikiliza kwa miguu.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana itapasuka.
Ya Irmeli haikupasuka. Iko gerejini kwangu,
imefunikwa blanketi la kijani,
na treni ya usiku ikipita inanong'ona peke yake,
mke wangu hapendi.

Katikati ya ubeti wa tatu akaacha nafasi.
Pana. Mapigo manne kamili,
naijua, nimeishi humo.
Vidole vyangu vikaanza kugonga meza,
maana nani ataliacha shimo kama lile wazi,
mtu akatumbukia?
Akanitazama. Bega la kushoto likapanda,
wala hapakuwa na toazi.

Nikakilaza kiganja juu ya mbao.
Chini yetu, chini ya baa, mto ulikuwa ukiporomoka
kutoka ziwa hadi ziwa, kama zamani ulipoendesha kiwanda,
na sakafu ilitetemeka kidogo,
kidogo sana,
asubuhi yote ya maisha yangu sikuwahi kuihisi.

Nikainama, kana kwamba nimeangusha kitu,
nikavua viatu.