Neno la Kumi na Mbili

Kaka yangu Taisto alikuwa mhunzi
asiyewahi kushika nyundo.
Mchana aliendesha gari la kukwangua theluji
barabara za Oulu, kutoka Tuira hadi bandarini.
Usiku, soksi zikikauka juu ya kikanza,
alifua panga ndani ya mchezo uitwao Ahjola,
na watu wa Valparaíso, watu wa Thimphu,
wakapanga foleni mlangoni pake.

Miaka tisa alifua, na hakumiliki hata msumari.
Kampuni iliwahi kumfungia akaunti siku nne
kwa kosa la mtu mwingine.
Nilimwona akizunguka jikoni
kama mpangaji aliyetolewa vyombo nje.

Ndipo wakaleta blokcheni.
Ulichokifua ni chako, walitangaza,
si chetu tena, kimeandikwa.
"Raili," akaniambia, "sasa nina karakana."
Iko wapi?
Akanionyesha mstari wa herufi na tarakimu,
mrefu, usiotamkika,
kama jina alilopewa mtoto na mtu anayepiga chafya.
Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Ximena, mpiga upinde wa chama chao, hakucheka.
Tangu panga zipate bei, aliandika,
hakuna anayezipigania.
Wanaingia watu wasiojua hata kutembea humu,
wananunua, wanatoka.
Jana nimeazima mkuki nivuke daraja,
nimeulizwa nitalipa riba gani.

Taisto alimjibu kwa kumtumia mkuki.
Daftari linasema: tarehe sita Februari, bei sifuri.
Bado linasema. Nimelitazama asubuhi hii.

Machi, barabara ya Kemi, barafu.
Sitaeleza.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Lakini hapa daftari lipo, nakala maelfu duniani,
na habari ipo, mwenye simu yeyote aisome:
karakana moja,
panga mia tatu na kumi na mbili,
mwenyewe ni yeye.
Mnyororo haupokei cheti cha kifo.
Karani wa mirathi, mama mpole mwenye mafua,
aliandika gari, baiskeli, akiba ya benki,
kisha kalamu ikasimama kwenye panga.
Akaniuliza kama marehemu alikuwa na kibali.

Ufunguo ni maneno kumi na mawili.
Ameyaandika nyuma ya risiti ya maziwa,
kwa lugha ambayo nyumbani kwetu
hakuna aliyewahi kuiotea ndoto.
Kioo. Binamu. Shaba. Ukungu.
Kumi na moja nayasoma.
La mwisho amelinywesha kahawa,
imebaki herufi ya kwanza
na mkia wa kitu, labda mkia wa herufi, labda wa tone.

"Shangazi," mwanangu wa kaka anasema,
"yenye herufi hiyo ni mia mbili na ushei.
Jioni moja tu, nayajaribu yote."
Nilianza mwenyewe. Nilifika la thelathini na moja.
Kila likikataa nilishusha pumzi,
na pumzi ile ilinitia aibu.
Maana mtu wa Singapuri ameshaniandikia mara tatu:
ananunua zote, kwa jumla, bila kuziona.

Ijumaa naingia Ahjola kwa umbo la kuazima,
mwanamke asiye na viatu.
Chama kimekaa nje ya mlango wa Taisto
unaofunguka kwa Taisto tu.
Hawasemi mengi. Dorji husimulia hali ya hewa ya kwao.

Ximena ameuegemeza ule mkuki ukutani.
Ni wake, kimaandishi, na una bei sasa, bei nzuri.
Lakini kilichowekwa chini humu
huokotwa na yeyote apitaye, ndiyo sheria ya zamani,
hawakuifuta.

Wiki ya tano leo.
Wapitao ni wengi. Wanasimama, wanausoma jina,
wanauzunguka.