Kizimba cha Saba

Zamani kipimo kilikuwa mkono wangu.
Nalala topeni hadi begani, shavu juu ya mizizi ya mkandaa,
ngoe imetangulia tunduni,
kidole kinasikiliza: yumo, hayumo,
mkubwa, au mtoto wa kurudishwa.
Kovu hili chini ya gumba ni la kaa wa mwaka wa kwanza.
Hakuniuliza jina.

Siku hizi nabeba simu ya kikundi.
Alikuja Kanze, ametoka chuoni,
kavaa viatu vya mpira vikubwa kuliko miguu yake,
akafunga kwenye kila kizimba kidude cha ukubwa wa kiberiti,
sola juu ya mti, laini ndani ya kisanduku,
akasema, "Shangazi, sasa maji yatakwambia yenyewe."

Na kweli, maji husema.
Joto, ishirini na tisa. Chumvi imeshuka. Hewa ndogo.
Husema nikiwa kwenye foleni ya kliniki Mikindani,
husema nikikuna nazi.
Mvua ya Aprili, mitaro ya mtaani ilipomwagika horini
na povu la sabuni, simu ililia kabla samaki hawajaelea.
Tukavivuta vizimba hadi penye kina,
watu tisa, usiku, maji kifuani,
hakufa hata kaa mmoja.
Mwaka wa nyuma yake tulikuwa tumefukia mia mbili.
Tangu hapo sikukidharau kidude.
Nilikifuta chumvi kwa upindo wa leso
kama pua ya mtoto.

Lakini kizimba cha saba.
Kila bamvua, saa tisa za usiku,
mstari kwenye simu unaruka mara moja
kama mtu aliyeitwa usingizini:
kifuniko kimefunguliwa,
uzito umepungua gramu mia nane.
Halafu kimya.

Mnunuzi wetu yuko Nyali, na mstari huohuo
anauona kwenye simu yake, kitandani, chini ya feni.
"Mna panya," akaniandikia, "na ana miguu miwili."
Mwezi mzima tulitazamana vibaya, watu tisa wa Jomvu
tuliozikana wazazi.
Chai ya kikundi ilinyweka bila maneno.
Mimi nilimshuku Chivatsi
kwa sababu alinunua tairi jipya la baiskeli.
Nimeandika hapa ili iwe aibu yangu.

Bamvua iliyofuata sikulala.
Nilipanda kwenye tawi la mchu, tochi imezimwa,
mbu wakinila kwa zamu.
Akaja Nyamvula.
Mweka hazina. Nyamvula asiyeazima mtu hata chumvi.
Akafungua kifuniko, akatia mkono mtupu,
akamtoa jike, akampindua kwenye mwanga wa bandari:
chini ya tumbo mayai, rangi ya boga lililoiva,
yamegandamana, yanapumua.
Akamshusha kwenye maji yanayotoka.
"Nenda kina kirefu," akamwambia,
"na ukirudi usirudi peke yako."

Kidude kinajua chumvi, kinajua joto, kinajua kilo.
Hakijui mimba.

Nilikohoa. Hakushtuka.
"Nawakata kwenye mgao wangu," alisema, akikamua gauni.
"Daftari liko wazi. Nyinyi hamsomi daftari,
mnasoma simu."

Kulipokucha nikalisoma:
mia tisa, mia tisa, mia tisa,
kwa penseli, mbele ya jina lake.

Simu nayo ikauliza, kama inavyouliza kila mara:
Sababu ya upungufu. Chagua moja.
Kufa. Kuibiwa. Kutoroka.
Nikaburuta kidole juu, nikaburuta chini,
natafuta neno la nne.
Halikuwemo.

Nikabonyeza Kutoroka,
kisha nikampigia Kanze:
mwanangu, njoo na viatu vyako,
kuna neno moja tunataka uliongeze,
na huku topeni bado hatujakubaliana
tuliite nini.