Makofi

Newport, saa kumi na moja alfajiri, mvua ya rasharasha.
Napiga deki ofisi ya hataza, ghorofa ya pili,
kwa dekio langu lenye goti.

Goti nililibuni mwenyewe: bawaba ya mlango wa kabati,
springi ya kitanda alichokiacha Raya.
Linapinda chini ya meza
mgongo wangu umesimama.

Siku hiyo Nerys wa dawati la kwanza aliwahi kazini,
akalitazama goti, akaniketisha.
"Umemwonyesha nani?"
Nikajibu kwa fahari: ukumbi mzima wa kanisa,
Jumamosi ya mitumba. Kina mama walisimama kupiga makofi.

Akafumba macho
kama aliyesikia kikombe kikivunjika chumba cha pili.
Hataza, akasema, huombewa kilichofichika;
kilichopigiwa makofi kimeshakuwa cha watu.

Basi nimebaki na nini?

Mchoro wako ni wako tangu kalamu ilipoinuka,
hauhitaji muhuri wa mtu.
Na jina, ukitaka, lisajili.

Nikaliita Mwanahawa, kwa mama yangu,
aliyedeki kwa magoti yake mwenyewe
hadi yakakataa kukunjuka.

Mwezi wa tatu nikaliona dukani,
goti lile lile, springi ile ile,
paundi kumi na mbili.
Nikaligeuza mbele na nyuma: halina jina.

Langu nalitundika stoo.
Linachuruzika, na ndoo inaitikia
to, to, to,
makofi ya mtu mmoja.