Nati ya Kumi na Nne

Jumamosi, Shabab, saa moja asubuhi.
Menengai imejifunika ukungu hadi kidevuni.
Nimeiwasha Starlet dakika tano, nikaizima,
sasa naisikiliza ikijisemesha: tik, tik,
chuma kikipoa.
Oili baridi hung'ang'ania ndani
kama mgeni aliyeonja chai ya pili.
Oili ya moto itakuchuna ngozi.
Vuguvugu ndiyo saa yake.

Haya nilifunzwa na Lusweti,
aliyejua njia zote za injini
na akasahau ya kurudi nyumbani.

Yeye alikuwa mtu wa chini.
Jeki, kisha mawe mawili ya Njiru,
kwa sababu, alisema, jeki ni ahadi,
jiwe ni ahadi iliyotimizwa.
Kadibodi ya sabuni mgongoni, karai kifuani,
spana namba kumi na nne, kushoto kufungua.
Hakuniambia kwamba kushoto kwa aliyelala chali
si kushoto kwa aliyesimama.
Mara ya kwanza peke yangu nilikaza.
Nikakaza tena, nikilia,
nikidhani ni kutu.

Sigilai wa nyumba ya pili ni mtu wa juu.
Anafungua boneti na shati lake la kanisani,
anachomoa kijiti cha kupimia,
anatumbukiza mpira mwembamba kama utumbo wa kuku
na kupiga pampu yake taratibu,
oili ikipanda kama soda kwenye mrija.
"Mwalimu, ya nini kulala chini kama mgonjwa?"
Nilimwachia siku moja.
Zikatoka lita mbili na nusu, kazi safi, mikono safi.
Lakini injini hii hunywa tatu na ushee.
Kilichobaki kilibaki sakafuni mwa sampu,
uji mweusi wenye vumbi la chuma,
na ile mpya ikamiminwa juu yake
kama rangi juu ya ukuta wenye unyevu.

Nyaguthii, muuza mayai, hamwagi kamwe.
Anaongeza. Kikombe leo, kikombe mwezi ujao.
"Oili haiozi," anasema,
na pikapu yake inapanda mlima wa Lanet
ikiacha nyuma wingu la samawati
ambalo hata mbwa hulikwepa.

Kimilili, kwa wakwe, kulikuwa na shimo.
Gari lilisimama juu yake kama ng'ombe joshoni,
wanaume wakashuka ngazi, wakafungua, ikamwagika
moja kwa moja udongoni.
Baba mkwe aliliita choo cha lori.
Lori liliuzwa zamani.
Pale hata magugu yamekataa.

Kwa hiyo mimi nakinga kila tone.
Mfereji wetu unateremka ziwani,
na ziwa letu halina mlango wa nyuma:
hupokea tu.
Namimina uchafu kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia,
nauandika SI CHAKULA kwa kalamu ya darasani.
Jumatatu Omwoyo wa mbao atakuja kuuchukua
apake nguzo zake, mchwa watafute kwingine.

Filta nayo imegoma. Nimeifunga msasa,
nikaizungusha huku nikiitaja kwa majina yasiyo yake.
Imetii.

Halafu ile washa ya shaba, duara dogo la nati.
Dukani ni shilingi ishirini.
Lusweti aliirudisha ile ile kila mwaka,
imebanwa hadi ikawa nyembamba kama ukucha.
"Bado inashika," alisema.
Ndiyo maana tukavuja.

Leo nimeweka mpya.
Oili ya asali inashuka bila haraka kwenye faneli
niliyoikata kutoka chupa ya maji.
Nageuza ufunguo. Kibirika chekundu kinawaka dashibodini.
Moja. Mbili.
Kimezima.

Nachungulia chini: kadibodi kavu.
Nabandika utepe pembeni mwa mlango,
naandika tarehe, na kilomita,
na chini yake, kwa herufi ndogo,
jina la fundi:
langu.