Mnafu wa Lemara

Jumatatu mto ulikuja na rangi ya buluu.
Mama akasema: leo wanatia rangi vitenge.
Alhamisi ukaja na povu zito kama la togwa;
akasema: leo wanaosha mapipa.
Hatukuwa na kalenda ukutani pale Lemara.
Wiki aliisoma kwenye maji ya Themi,
kisha akainama, akachota kwa kopo,
akamwagilia mnafu.

Na mnafu, bila haya, ukanawiri.
Majani mapana kama masikio ya ndama,
kijani cha kumsahaulisha mteja wa Kilombero
kuomba apunguziwe.
Fungu kwa fungu nikavaa soksi za shule.
Fungu kwa fungu nikafika kidato ambacho Mwalimu Ndewirwa
aligonga ubao kwa chaki, akasema:
risasi ni metali, wanangu, kabla haijawa kitu cha bunduki.
Nyingine haina mlio.
Unaimeza, inakaa mfupani, inangoja.
Kila Ijumaa, akitoka kazini,
alipitia genge la mama.

Ng'ambo ya daraja Lobulu anababua kwato
kwa moto wa matairi.
Moshi wake haujui kupanda.
Unatambaa, unaingia bila hodi,
unakaa kwenye nepi zilizoanikwa, kwenye uji,
kwenye kifua cha binti yake Nailepu
anayelala ameketi kama mlinzi wa zamu.
Nikimsalimu, kikohozi kwanza, salamu baadaye:
"Mtaalamu, mimi ni kichwa cha mbuzi.
Nimeshababuliwa. Bado supu tu."
Tunacheka.
Yeye kicheko kinamwishia njiani.

Siku hizi nina koti jeupe na ufunguo wa maabara.
Nilirudi nyumbani na chupa sita na kalamu ya wino mzito.
Nikaandika: darajani juu. Chini ya bomba la kiwanda. Shamba la
hapo nikasita, nikaandika namba.
Mama alinishikia chupa zisianguke.
Hakuuliza za nini.
Aliuliza tu kama nimekula.

Mashine haina mama.
Ilitoa tarakimu zake,
nikakirudia kipimo mara tatu
nikitafuta kosa langu
kama mtu anavyotafuta ufunguo ulio mfukoni mwake.

Jioni nikamweleza, polepole, kwa maneno ya nyumbani:
figo, mifupa, watoto ambao hesabu inawakataa.
Akaendelea kuchambua mboga.
Kisha akainuka, akanishika kiwiko,
akanipeleka nyuma ya nyumba
kwenye tuta dogo lenye uzio wa chandarua kuukuu
na ndoo ya maji ya bomba, ya kulipia.
"Huu ndio mliokula," akasema.
"Siku zote. Ninyi sikuwalisha mto."

Alidhani atanituliza.

Nikasimama pale na mbu wangu,
zikanipitia Ijumaa, moja baada ya moja, za miaka minne:
Mwalimu na kikapu chake cha ukindu
akichagua fungu lililonona,
mama akimwongezea majani ya bure
kwa kuwa ananifundisha vizuri.
Mwaka jana nilimkuta kwenye foleni ya dawa, hospitali ya mkoa,
vidole vikitetemeka juu ya cheti.
Sijui.
Hakuna chupa ya kumchotea mtu
useme hiki ndicho kilichomtetemesha.

Ripoti iko mezani, karibu na taa.
Mwenye bomba hana jina humo;
ameandikwa "chanzo kinachochunguzwa".
Mkulima ana namba.
Namba naijua.

Mama anauliza kama nitalala
au narudi mjini usiku huu,
maana ana makopo mawili na mgongo mmoja,
na kesho ni buluu.